Kava ya Tapeti Iliyonunuliwa kwa Bei Isiyolingana na Rekodi

Ndugu Mhariri,

Kabla sijakusalimu, naomba barua hii ibaki kati yangu na wewe. Usimsomee mtu, usiiache mezani ukienda kunywa chai, na ukishaimaliza ichane vipande vidogo, halafu vipande hivyo usivitupe mahali pamoja. Najua kazi yako ni kutangaza mambo. Ndiyo maana nakuomba mapema.

Sasa shikamoo.

Mimi ni karani mdogo katika ofisi yenye gari moja. Nina miezi minne kazini. Jana nilikabidhiwa barua inayonitaka nijieleze kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kwa nini nisifukuzwe kwa kununua kava ya tapeti kwa bei isiyolingana na rekodi za idara. Nikifukuzwa, mimi na dada yangu tutahama chumba tunachokaa, na mdogo wetu wa mwisho atarudi nyumbani kutoka shuleni. Sina maelezo mengine zaidi ya ukweli, na nimeambiwa huo hautoshi.

Kava ya tapeti ni kile kifuniko cha juu ya injini kinachozuia oili isiruke nje. Ya kwetu ilipasuka. Fundi wetu, tunayemwita Daktari kwa sababu huinamia kila gari na kulisikiliza kifua kabla ya kulifungua, aliniambia, "Leta nyingine, kijana. Plastiki haiponi kwa dua." Karani mkuu, ambaye ndiye hununua, alikuwa likizo ya uzazi. Nikachukua fomu. Fomu inasema mnunuzi atatembelea maduka matatu na kununua kwenye bei nafuu. Nikatembelea maduka matatu, nikanunua kwenye bei nafuu. Sikujua kuwa fomu ile hujazwa tu, haisomwi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwenye duka la tatu alinitajia bei halisi bila kuniuliza natoka wapi. Nilimwambia ni gari la ofisi, ili ajirekebishe. Akacheka: "Mwanangu, injini haijui ni ya nani." Kumbe kwenye faili letu kava hiyo hiyo hununuliwa kila mwaka, kwa miaka sita sasa, kutoka kwa shemeji yake Mkuu wetu wa ofisi. Kwa bei ya shemeji, mzee yule wa dukani angenipa kava thelathini na moja pamoja na gasketi zake, na bado ningerudi na nauli.

2. Aliandika risiti kwa tarakimu na kwa maneno, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Hakuacha nafasi ya kuongeza hata sifuri moja. Mtu mwenye huruma huacha nafasi.

3. Alinipa chenji. Nilipoirudisha, mhasibu aliitazama, akautazama mlango, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, hizi za nani?" Nikasema za ofisi. Akaniuliza, "Ofisi ipi?" Tunazo fomu kumi na mbili za kutoa fedha. Ya kupokea chenji hatuna. Bahasha iko juu ya kabati, na hakuna anayepita karibu nayo.

4. Daktari aliifunga kava kwa dakika arobaini. Kwa mujibu wa faili, kazi hiyo huchukua siku tisa, na afisa mmoja hulipwa posho ya kukaa gereji kuisimamia. Safari hii afisa alikuwa ameshaaga kwake, amebeba na begi. Alipofika gereji alikuta gari limewashwa. Amerudi nyumbani siku ileile, na naambiwa mkewe hajafurahi.

5. Gari limepona. Hili ndilo kubwa. Dereva alikuwa akipewa galoni la oili kila wiki kwa ajili ya kuvuja. Sasa halivuji, naye haniitikii salamu. Mfagiaji alikuwa na posho ya kusugua madoa ya maegesho. Madoa hayapo, na mama wa watu ananiita "mwanangu msomi" kwa sauti isiyo ya mapenzi. Zaidi ya hayo, Daktari anasema kava aliyoing'oa ni ileile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, haijawahi kuguswa. Basi zile sita za kwenye faili zilifungwa wapi? Sijauliza, Ndugu Mhariri. Naomba ieleweke kwamba sijauliza.

Kwa hiyo naomba gazeti lako linisaidie, maana kilichochapishwa hakibishiwi. Ukurasa wa biashara, mistari mitatu inatosha: kwamba kava za tapeti zimekuwa ghali mno kwa miaka sita, kwamba Jumanne iliyopita, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, bei ilianguka ghafla, na kwamba ilipofika saa tano na dakika tano ilikuwa imeshapanda tena. Pia umuonye mwenye duka yule apandishe bei yake mara thelathini na moja, asije akaponza vijana wengine.

Wasalimie wapanga kurasa, wauza magazeti wote, na yule anayesahihisha makosa. Najua hofu yake.

Wako mtiifu, mwenye kutetemeka,
Karani mdogo

Tanbihi: Tafadhali usichapishe lolote kuhusu bei kupanda. Nimetoka kwa Mkuu sasa hivi. Nilimweleza mpango wangu, nikidhani atafurahi. Alishika kichwa. "Wewe mtoto umesoma wapi? Dukani bei ikipanda, sisi tutakula wapi?" Kisha akanisaidia kujieleza. Imeandikwa kwamba nilinunua nati moja, risiti ni ya nati, na kava itanunuliwa mwezi ujao kwa shemeji. Nimetia sahihi. Sifukuzwi. Mwezi ujao nitatia nyingine.

Ukitaka kunipata usipige ofisini. Piga kwa fundi cherehani aliye chini ya chumba chetu, baada ya saa kumi na moja jioni, useme unamtaka kijana wa ghorofani. Akipokea dada yangu usimweleze kitu, anaamini nimeshinda. Na kama unafahamu mahali popote wanapohitaji karani anayesoma fomu kabla ya kuijaza, hata kwa nusu ya mshahara, acha ujumbe kwamba suruali yangu iko tayari. Sina suruali pale. Nitaelewa.