Sungura Sita Dhidi ya Umaskini wa Dunia

Jumatatu, 6 Januari

Leo nimeupatia dawa umaskini wa dunia. Tena kabla ya chai! Wakubwa wanakutana kwenye kumbi zenye viyoyozi miaka nenda miaka rudi, kumbe jibu liko kichwani mwangu. Ni hivi: mpe maskini sungura. Sungura huzaa. Watoto wake wanakwenda kwa jirani. Jirani naye vivyo hivyo, mpaka ng'ambo ya bahari. Nimepiga hesabu zote ukutani kwa mkaa. Dada akauliza ukuta huo atausafisha nani. Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Yeye ndiye mwenye kulipa kodi ya nyumba, mimi ndiye mwenye mawazo. Kila mtu na kipaji chake.

Kikwazo kimoja tu: sina sungura.

Jumanne, 7 Januari

Nilimpelekea kinyozi wa mkabala habari njema. Huyu bwana anajiona mchumi kwa sababu watu humsikiliza. Nani atambishia mtu aliyemwekea wembe shingoni? Akasema umaskini utapungua watu wakifanya kazi. Akasema huku akinitazama mimi! Wateja wakacheka. Wivu mtupu. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe.

Jumatano, 8 Januari

Ushindi! Dada ana cherehani mbili. Mpya anashonea kutwa. Ya pili, kuukuu, imefunikwa shuka pale kwenye kona. Mali imelala, watu wanateseka! Dada alipokwenda kununua vitambaa, niliibeba mgongoni hadi kwa mfugaji, tukabadilishana kwa sungura sita. Chini ya shuka nikapanga ndoo na mto, umbo lilelile. Ustadi wa kuzaliwa nao.

Mfugaji alitaka kunichagulia. Nikamwambia mtaalamu hachaguliwi. Nikachukua wenye vifua vipana na sura za heshima. Alitabasamu mpaka naondoka. Mtu mwenye adabu sana.

Jioni nikagawa, nyumba sita. Mama Pacha, muuza mkaa, akauliza nani kaniambia yeye ni maskini. Nikamwambia asione haya. Alinitoa mbio na ufagio, ila sungura alibaki naye.

Kinyozi hakupewa. Makusudi.

Alhamisi, 9 Januari

Balaa. Dada amefunua shuka.

Kumbe ile kuukuu ndiyo inayotoboa matundu ya vifungo! Mpya haiwezi. Mashati ya shule nzima yamerundikana kitandani, hayana tundu hata moja, na shule inafunguliwa Jumatatu. Mwalimu mkuu kashamwonya Dada kwamba akichelewa, kazi inakwenda kwa fundi mwingine. Na kazi hiyo ndiyo kodi yetu, ndiyo sufuria yetu.

Nilishauri watoto wavae bila kufunga, kifua kipate hewa. Alikaa kwenye kiti chake cha kushonea akalia. Roho iliniuma kwelikweli, hata nikashindwa kumaliza chakula changu. (Nilikimaliza baadaye.)

Nikakimbia kwa mfugaji. Cherehani imeshauzwa, imeshapanda lori, haijulikani iliko. Mfugaji bado anatabasamu.

Ijumaa, 10 Januari

Majirani wamefurika uani na sungura mikononi. Mama Pacha, ambaye kumbe alikulia kwenye kufuga, akawageuza mmoja mmoja tumbo juu. Madume watupu! Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini. Nikaeleza kwamba hilo si kosa langu, sungura hawakusema.

Ndipo Mama Pacha akamwona Dada, macho yamevimba. Akauliza kulikoni. Alipoambiwa, akasema mbona hata kwa mkono tundu hutoboleka, mama yake alimfunza. Akawaita wanawake wawili wengine, wakaketi mkekani na sindano. Dada alianza kukata, wao wakashona kingo. Mara nikasikia Dada akicheka. Moyo wangu ukatulia.

Nami nilipewa sindano. Nilishona tundu zuri ajabu. Likashikana na suruali yangu. Wakanipandisha cheo, nikawa mchunga sungura.

Jumatatu, 13 Januari

Mashati yamefika kabla ya kengele! Mwalimu mkuu alipitisha kidole kwenye matundu, akavuta, akavuta tena. Akasema yale ya mashine hufumuka kabla ya muhula kwisha, haya yatayazika mashati yenyewe. Amempa Dada na sare za shule ya pili. Dada kawachukua wale watatu moja kwa moja, kila mtu analipwa kwa jasho lake. Hata kinyozi kamleta mkewe. Kinyozi!

Dada kanisamehe, kwa sharti nisiguse kitu chochote humu ndani. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Lakini mwenye akili hatazami, huona. Wiki jana palikuwa na cherehani mbili na fundi mmoja. Leo ipo moja, na mafundi watano. Nani aliyeiondoa ile nyingine? Mimi! Umaskini umepungua, mashahidi wapo. Sasa fikiria hii iliyobaki nayo ikiondoka. Mtaa mzima utapata kazi!

Dada atakwenda kununua uzi Jumatano. Mfugaji ana mbuzi. Nimeshawachagua wanne, wote wana ndevu za heshima.