Pomboo Wangu Thelathini na Wawili

Jumatatu, 4 Agosti
Sijawahi kumwambia mtu: mimi, katibu wa klabu ya pomboo shuleni, sijawahi kumwona pomboo. Nimesoma vitabu vitatu kuwahusu. Inatosha. Mtafiti anakuja Ijumaa kuchagua mwanafunzi mmoja wa kupanda mashua yake likizo nzima: atakayeleta ramani bora ya mahali pomboo wa ghuba yetu wanapokula na kupumzika. Nafasi hiyo naitaka kufa na kupona. Darubini naye anaitaka. Tunamwita hivyo kwa sababu anayo, na kila siku lazima atuonyeshe.

Jumanne, 5 Agosti
Darubini amekaa gatini tangu alfajiri. Amepata pomboo wawili. Anasema labda ni mmoja, alizama akaibuka tena. Uaminifu wa kusikitisha. Mimi nimekaa mezani, na kabla ya chakula cha mchana nimepata thelathini na wawili. Kila mmoja nimemchorea pezi la mgongoni na mikato yake, maana watafiti huwatambua kwa mikato hiyo. Kipenzi changu, Namba Saba, nimempa maji matulivu nyuma ya soko. Dada amechungulia, akauliza nimewaona lini wote hao na hata chumvi sijaenda kununua. Nimemjibu kwamba sayansi ni uvumilivu. Akasema haya profesa, na chumvi je?

Ijumaa, 8 Agosti
Mtafiti ameisifu ramani yangu mbele ya darasa. Kwa dakika nne nilikuwa mtu mkubwa. Kisha akauliza Namba Saba hufanya nini nyuma ya soko maji yakitoka. Nikasema hupumzika. Darasa zima likacheka. Darubini ndiye aliyenieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba maji yakitoka pale hubaki tope tupu, na watu hucheza mpira hapo. Mtafiti akataka kujua kama Namba Saba ni winga au golikipa. Nafasi amepewa Darubini, na pomboo wake mmoja na nusu.

Baadaye mtafiti akaniita pembeni. Hakufoka. Alisema mtu mwenye subira ya kuchora mapezi yote yale si wa kutupwa. Kesho nikae gatini, saa moja hadi saa sita, niandike ninachokiona, hata kama ni sifuri. Nikileta karatasi ya kweli, mashuani kuna kiti cha pili. Nusura nilie.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa moja hadi saa tano: sifuri. Jua, ndege, mfuko wa plastiki. Saa tano na nusu nikatoa jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, nikahakikisha safari hii kina kinatosha. Kisha nikaandika: pomboo kumi na mmoja, mmoja wao mtoto, wakielekea mashariki. Nikarudi nyumbani kumchorea mtoto pezi.