Mahabusu wa Majaribio

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku kubwa! Shefu Joanita ameniteua mimi, Pontiani, kuwa msimamizi wa maandalizi. Wakaguzi wanatoka Bujumbura Alhamisi. Si ukaguzi wenyewe, ni wa majaribio tu. Ule wa kweli ni Septemba. Wakiridhika, posti yetu ndogo ya Walinzi wa Mwambao itapata cheti cha ubora, na msimamizi, nadhani, atapata nyota begani. Dismasi aliposikia jina langu alikohoa. Amezeeka kwenye posti hii, anamjua kila mvuvi kutoka Rumonge hadi Kigwena. Mimi nimehamia tangu Pasaka. Wivu!

Nimekagua kasho, chumba chetu cha mahabusu. Hali si nzuri. Ziwa limepanda, limemeza uwanja wetu wa nyuma, sasa maji yanagusa ukuta. Ukiwa ndani unayasikia yakigonga. Yanagonga hata ziwa likiwa limetulia. Nimeandika kwenye rapo, ripoti yangu ya maandalizi: tatizo dogo la sauti.

Mchana, simu kutoka Nyanza-Lac. Wenzetu wa huko wameopoa mwanamume ziwani, wakamzika upesi kwa jinsi mwili ulivyokuwa umeharibika. Shati jekundu. Sikio la kushoto limekatika nusu. Je, huku kwetu kuna aliyepotea? Yupo: Abasi, mvuvi, ambaye sijawahi kumwona. Mkewe, Mama Batuli, huja getini kila siku kumuulizia. Nikashukuru, nikasema nitashughulikia.

Nitashughulikia Ijumaa. Nikimwambia leo atalia getini, watakuja ndugu, watakuja majirani na mikeka yao. Wiki ya wakaguzi! Aliyekufa hana haraka.

Jumanne, 10 Juni

Nimepaka kasho rangi nyeupe. Haikauki! Jua kali, dirisha wazi, upepo wa kutosha, na bado inatiririka. Muuza duka ameapa rangi ni nzuri. Kwenye ukuta wa nyuma imeshuka ikaacha umbo kama la mtu aliyeegemea. Nikapaka tena. Umbo likarudi, safari hii limeinamisha kichwa. Nimetundika juu yake bango la haki za mahabusu. Tatizo limekwisha.

Shida nyingine: wakaguzi watataka kuzungumza na mahabusu, nasi hatuna hata mmoja. Wezi wa eneo hili hawana ushirikiano. Lakini nina akili! Kuna kijana wa Kabezi, Samy, anayeigiza kwenye michezo ya kanisa. Hatujaonana, tumepatana kwa simu. Alhamisi atapanda basi la kwanza, aingie moja kwa moja kwenye kasho, ajifanye amekamatwa na nyavu haramu. Aseme amekula, amelala, hajapigwa. Ameuliza kama alie kidogo. Nimemkataza.

Mama Batuli alikuja kama kawaida.

“Amahoro, shefu. Bwana yangu, bado hamujapata habari yake?”

Nikamjibu tunafuatilia. Hakuondoka. Alitazama kasho nyuma yangu, akauliza nani anakohoa mule ndani. Nikasema hakuna mtu, Mama.

“Iko mutu,” akasema, akaenda zake.

Jumatano, 11 Juni

Hujuma! Nimefungua kasho mchana nikakuta alama za miguu mitupu sakafuni, zimelowa. Zinaanzia kwenye ukuta wa nyuma, chini ya bango, zinakuja mpaka mlangoni. Za kurudi hakuna. Nilisimama nikizitazama, na mikono ikawa baridi, jambo ambalo katika joto la Rumonge si la kawaida. Kisha nikaelewa. Dismasi! Anataka niaibike.

Nimemwendea Shefu, nikamwambia kuna tetesi za watu wanaokata miti msituni Kigwena, na kwamba kazi hiyo inahitaji mtu mzoefu, mathalani Dismasi, kesho, kutwa nzima. Shefu akakubali. Dismasi amenitazama kwa macho makali. Nami nikamtakia safari njema.

Kuhusu Mama Batuli, getini hawezi kukaa wageni wakiwepo. Kumfukuza ni kosa. Kwa hiyo nimemwomba aje kesho atusaidie kuchambua mchele wa wageni. Jiko letu liko ubavuni mwa kasho; akiwa humo haonekani kabisa. Amekubali upesi mno, kana kwamba alikuwa akingoja kuitwa.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike haraka.

Asubuhi nilikwenda kasho. Samy yumo tayari! Amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, taulo kichwani, miguu imelowa hadi magotini. Msanii wa kweli! Hata shati alichagua jekundu lililochujuka, la kivuvi hasa. Nikampongeza. Nikamkumbusha maneno yake. Akaendelea kutazama sakafu. Nikadhani anajiandaa. Harufu ya ziwa ilikuwa kali, nikafunga mlango, ufunguo mfukoni.

Wageni wakafika. Mkuu wao, Madamu Fahima, ni mwanamke mdogo mwenye sauti ya upole. Aliangalia silaha, redio, choo. Mambo yakaenda vizuri ajabu. Kisha akaomba kuzungumza na mahabusu wakiwa wawili tu. Nikafungua, nikamwachia ufunguo, nikatoka kwa heshima, nikazunguka upande wa dirisha, nikasimama kwenye maji nisikilize.

Akamuuliza jina.

“Abasi Ramazani.”

Nilitaka kupiga kelele. Majina yote ya Burundi, achague hilo! Nani amempa umbea?

“Umepewa maji ya kunywa?”

“Maji nilipata mengi, mama. Yalizidi.”

“Na kulala?”

“Sasa ni kulala tu.”

Madamu akamwomba avue taulo ili aone kama amepigwa. Akavua. Kisha Madamu akauliza, polepole, nani amemkata sikio. Yule akasema ni ndoana, zamani, wala hadai mtu. Nikajiuliza habari ya sikio nimeisikia wapi. Sikuwa na nafasi ya kukumbuka, kwa sababu swali lililofuata ndilo lililonimaliza.

“Familia yako imejulishwa uko wapi?”

“Hapana. Wa hapa wanajua niko wapi, lakini bibi yangu hawakumwambia.”

“Nani anajua?”

Akainua mkono wake, mweupe kwa kukaa majini, akaonyesha dirishani. Akanionyesha mimi. Hakugeuka hata kutazama.

Hapo nikakumbuka simu ya Nyanza-Lac. Nikajikuta nimekaa majini na sare yangu mpya.

Madamu alitoka, akafunga mlango mwenyewe, akanirudishia ufunguo. Na katika ule utulivu nikasikia Mama Batuli jikoni anaongea. Hakulia. Aliongea na ukuta kama mtu anavyoongea na mwenzake kitandani, sauti ya chini, akinyamaza kusikiliza, kisha akijibu. Nilisikia akisema ndiyo, nitawalea. Nikasikia akisema nenda basi.

Nilipofungua kasho, mkeka ulikuwa pale. Mtu hakuwapo. Kulikuwa na maji sakafuni, nayo yalikuwa yakirudi taratibu kuelekea ukutani.

Kwenye kikao cha mwisho Madamu Fahima alisifu utulivu wa mahabusu. Tumeanguka kipengele kimoja: kujulisha familia. Alinitazama wakati akisema. Shefu naye akanitazama. Wote wakaniuliza kwa nini nimelowa.

Ijumaa, 13 Juni

Samy amepiga simu kutoka Kabezi. Anaomba radhi. Amefiwa na mkwewe, hakuweza hata kutoka nyumbani jana. Je, bado namhitaji? Nimekata simu.

Dismasi amerudi kutoka Kigwena, suruali imechanwa na nyani. Wakata miti hakuwaona. Nikamuuliza, kama kwa utani, Abasi alikuwa na sura gani. Akaeleza: mrefu, mpole, sikio la kushoto nusu. Nikaomba kiti.

Sikuwa na njia. Nikamwambia Shefu habari ya simu ya Nyanza-Lac. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alivua kofia yake, akasema twende kwa huyo mama sasa hivi. Tukamkuta amekwisha jifunga kanga ya msiba, jirani zake wamejaa uani. Shefu alipoanza kusema, Mama Batuli akamshika mkono kumshukuru.

“Murakoze, shefu. Bwana yangu ameshaniaga. Iko Nyanza-Lac, kwenye michikichi.”

Mimi hakunisemesha.

Jumamosi, 14 Juni

Tumempeleka Mama Batuli Nyanza-Lac, Shefu mbele na dereva, mimi nyuma naye na shehe wao. Njia nzima nilitafuta maneno ya pole. Yote niliyoyapata yalikuwa ya rapo.

Askari wa huko alitaka kutuongoza. Mama Batuli alimpita. Alikwenda katikati ya michikichi bila kuuliza, akasimama penye udongo mpya usio na alama, akakaa chini. Shehe akasoma dua. Upepo ulikuwa umekata, makuti yametulia, na sote tulisikia mtu akishusha pumzi, ya kina, kama aliyetua mzigo. Askari yule wa Nyanza-Lac alirudi garini bila kugeuka nyuma.

Mama Batuli akaja kwangu mwisho. Akasema ningemwambia Jumatatu, mumewe asingetembea mbali hivyo. Basi. Nilitoa machozi. Nitayaandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala vizuri, nimetafakari, nimepata jibu!

Tumeanguka wapi? Kujulisha familia. Kwa nini? Kwa sababu tulichelewa. Dawa ni nini? Kujulisha mapema. Mapema kabisa! Septemba wakaguzi wasikute mke hata mmoja wa mvuvi ambaye hajajulishwa. Nitapita nyumba zote za ufukweni, nitoe pole kabla. Likitokea la kutokea, kazi imekwisha fanyika. Dismasi hawezi kufikiria kitu kama hiki hata akae Kigwena mwaka mzima.

Nimeanza leo baada ya misa, nyumba ya Hadija, mke wa mvuvi. Akafungua mumewe mwenyewe. Niliona aibu kidogo, lakini nikamweleza mpango wangu wote. Mtu muungwana sana! Alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaniomba nimwambie mkewe polepole, maana ana moyo mwepesi. Ushirikiano wa namna hii ndio tunaoutaka.

Mara Hadija akatokea nyuma ya nyumba na beseni la nguo, akaniuliza naongea na nani mlangoni kwake. Nikasema na bwana yako. Akasema bwana yake ameingia ziwani tangu Ijumaa na wenzake, na mpaka leo hawajarudi. Kisha akaangusha beseni.

Wanawake hawaelewi maana ya maandalizi. Nimemwachia pole yake, nimeiandika kuwa imetolewa. Kesho nyumba ya pili.