Kipandauso cha Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, ametundika picha ya ubongo wake sebuleni kwake. Kwenye fremu! Kaipata kwenye utafiti wa kipandauso: watu wanapigwa picha za kichwa ili ijulikane kama maumivu hubadilisha umbo la ubongo. Wageni wote walikuwa wanaishangaa. Mimi hakuna aliyeniuliza hata hali. Nimeazimia: nami nitapigwa. Tatizo moja tu. Sijawahi kuumwa kichwa.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi mbele ya kioo. Mke huumwa kila mwezi, basi nimemwiga: kiganja jichoni, pazia limefungwa, sitaki kelele. Akauliza nina nini. Kipandauso, nikasema. Akaenda zake jikoni.

Jumatano, 5 Machi
Usaili. Daktari wa utafiti, mama mpole mwenye miwani, akauliza kinauma upande gani. Pande zote, nikajibu, kwa zamu. Je, mwanga unanisumbua? Sana! Nilikuwa nimesimama dirishani, jua usoni. Akaandika maelezo marefu. Dalili njema. Kasema kesho nije na mtu wa nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda na mke. Kosa kubwa. Alipoulizwa kuhusu maumivu yangu, akasema taratibu, "Huyu hajawahi kumeza hata kidonge. Anayelala na kitambaa usoni siku mbili kila mwezi ni mimi. Yeye hufungulia redio."
Nilitamani ardhi ipasuke. Redio ni kweli. Daktari akamsogezea kiti, wakazungumza saa nzima. Mke akalia kidogo. Kasema hakuna aliyewahi kumwuliza. Nikatoka, nikasimama koridoni. Sikujua niweke wapi mikono.

Ijumaa, 7 Machi
Mke kapokelewa kwenye utafiti. Mimi nikagoma kuondoka. Mwishowe daktari akakubali: wanahitaji pia vichwa visivyouma, vya kulinganishia. Dakika arobaini ndani ya mashine, inagonga kama mafundi bati kumi. Nikajikaza kisabuni. Hata kukohoa sikukohoa.

Jumamosi, 15 Machi
Picha mkononi! Majibu ya utafiti bado sana, ila mke sasa ana dawa inayomsaidia. Nikaikimbiza picha kwa shemeji. Akasoma maandishi ya chini mbele ya wageni: ubongo wa kawaida. Kawaida! Mimi!
Nasikia jengo la pili wanatafiti magoti. Kuanzia kesho nachechemea.