Pétition Yangu Chini ya Kikwembe

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 5 mwezi wa pili, 1979

Robinet ya maji ya avenue yetu imekauka tangu Noeli. Siye wote tunakunywa maji ya chemchem, kule chini karibu na muto Nyamukau. Leo Godelive, bibi yangu wa ndoa, ameteleza kwa mulima na bidon ya maji kichwani. Goti imevimba. Godelive hasemi mingi. Leo amesema. Mwezi huu ukiisha bila maji, anarudi kwao Tchomia. Kule maji ni ziwa nzima, hakuna mutu anapanda nayo mulima. Hakucheka. Nimeogopa kabisa.

Nimefikiri. Nimepata! Pétition, barua ya kuomba maji. Mimi ni karani wa dépôt ya kahawa, niko na karatasi, niko na machine ya kuandika, niko na Kifaransa ya kutosha. Nakusanya signatures mia moja, napeleka kwa Muzee Hippolyte, chef wa quartier, mutaa wetu, yeye anapeleka kwa watu wa maji. Godelive anabaki. Na watu wote watajua nani ameleta maji. Mwezi wa tatu tunachagua nyumbakumi mupya. Sijasema kitu. Naandika tu.

Edouard mushonaji, nyumba ya tatu kutoka kwetu, amenisalimia mara mbili leo. Mara mbili! Anatafuta nini?

Siku ya pili, tarehe 6

Nimepiga pétition kwa machine saa ya kula. Ukurasa wa kwanza, maneno. Zile zingine, mistari ya majina. Maneno ni mazuri sana. Nimesoma mara tano, machozi imetaka kutoka.

Lakini hatari iko. Mutu akisoma, anaweza kuiba wazo. Edouard anajua kusoma! Nimekata kipande cha kikwembe cha Godelive, kile kitambaa cha zamani chenye picha ya samaki, nimeshonea juu ya ukurasa wa kwanza, pembe zote ine. Sasa mutu anaona mistari tu. Godelive ameuliza ni pétition gani hiyo inavaa nguo. Nimemwambia ni mambo ya politique.

Siku ya tatu, tarehe 7

Soko. Nimetoboa tin ya mafuta chini, imekuwa kipaza sauti. Nimepiga kelele: raia wa Bunia, kujeni muweke signature kwa faida yenu! Wameuliza faida gani. Nimesema hiyo ni siri. Wameenda zao.

Signatures: mbili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya mama mumoja wa dagaa. Amesema anaweka ili nitoke mbele ya meza yake.

Halafu Edouard amefika. Amesema anataka kuweka signature. Hakuuliza hata ni ya nini! Hapo nimeshtuka. Mutu asiyeuliza anajua tayari. Nimemwambia bic yangu imekwisha wino. Ametoa yake mufukoni. Bic mupya! Nimemwambia bic ya inje haiingie humu. Ameenda akicheka. Cheka tu, bwana.

Siku ya ine, tarehe 8

Muujiza! Saa sita natoka dépôt, nakuta mulolongo mpaka kwa barabara. Kumbe yule mama wa dagaa ametangaza kwamba ni liste ya sukari. Sukari imepotea Bunia miezi mitatu sasa. Wengine wanasema hapana, ni vikwembe vya sikukuu. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nimesema tu muandike vizuri, jina la mababu, si la mubatizo, karatasi hii inaenda kwa serikali, na serikali imekataza majina ya wazungu.

Mama mumoja ameandikisha watoto wake tano na mukwe wake anayekaa Gety. Bwana mumoja wa Marabo, anapita na kinga, baiskeli yake, na ndizi, ameshuka ameandika pia. Hakai hata Bunia! Amesema haijulikane, labda watagawa kitu.

Lucienne, bibi ya Edouard, alikuwa wa saba kwa mulolongo. Ujanja huo! Nimemurudisha nyumbani. Amesema aya, Papa Hilaire, na amenitakia kazi njema. Kazi njema! Nimewaza ile neno mangaribi yote.

Godelive ameuliza kama nimewaambia watu ni juu ya maji. Nimesema bado. Ameangalia goti yake, amechukua bidon.

Siku ya tano, tarehe 9

Signatures 143! Nimevaa abacost, suti ya wakubwa, nimeenda kwa bureau ya Muzee Hippolyte.

Njiani nimekumbuka: secrétaire wa Muzee, suruali yake nani ameshona? Edouard! Nikiacha maneno mikononi mwa yule, Edouard atayasoma leo leo. Nimesimama nyuma ya ukuta wa kanisa ya paroisse, nimekata nyuzi, nimetoa ukurasa wa kwanza, nimeutia ndani ya kiatu. Maneno nitampa Muzee mwenyewe, uso kwa uso.

Muzee hakuwako. Nimeacha majina. Secrétaire ameuliza watu hawa wote wanataka nini. Suruali ile ile! Nimemwambia Muzee ataelewa mwenyewe, ajue tu kwamba wako tayari. Nimetoka haraka. Kiatu inaniuma.

Siku ya posho, siku ya sita, tarehe 10

Ole wangu.

Saa kumi na mbili asubuhi, filimbi. Polisi wa quartier anapita nyumba kwa nyumba, anasoma majina. Majina YANGU! Muzee Hippolyte amepata liste ya watu 143 wasioomba kitu chochote, na neno kwamba wako tayari. Amefurahi. Leo ni siku ya salongo, kazi ya raia wote, na tangu awe chef hajaona mutu wa kujitolea hata mumoja. Watu wa maji walimwambia zamani: tuyau mupya ya maji iko, mikono ya kuchimba mutaro ndiyo inakosa. Sasa mikono imepatikana. Kila mutu na jembe yake, kutoka barabara kubwa mpaka mwisho wa avenue yetu!

Mwisho wa avenue ni mulango yangu.

Numéro moja ameitwa. Ni mimi. Nimejibu kupitia dirisha kwamba niko na malaria. Nimesikia watu wanauliza sukari iko wapi. Halafu nimesikia wanauliza Hilaire iko wapi. Nimeingia chini ya kitanda.

Godelive amesimama kidogo mulangoni. Halafu amechukua jembe, na goti yake ile, ameenda kuchimba kwa jina langu. Haya imenishika sana. Sikutoka.

Siku ya Mungu, tarehe 11

Sikuenda misa. Godelive amerudi kutoka huko, amenieleza yote ya jana polepole, bila hasira. Hiyo ndiyo mbaya.

Edouard hakuwa kwa liste, angeweza kushona nguo zake tu. Lakini ametoka, amemunyanganya Godelive jembe, amechimba kwa nafasi yake. Lucienne amepikia watu wote chai na muhogo, ameweka viti kwa baraza yao. Saa tisa mutaro umefika kwa ile baraza. Kivuli iko, chai iko. Watu wamekaa. Hakuna aliyesimama tena. Muzee amesema basi, robinet itakaa hapa. Godelive amesema kama ningekuwako kuwasukuma, wangemaliza. Ilibaki hatua makumi ine mpaka kwetu.

Hatua makumi ine! Na chai ile ilikuwa na sukari. Edouard ametoa wapi sukari?

Siku ya tatu ya juma, tarehe 21

Maji imekuja. Wamama wamepiga vigelegele, hata wale waliotaka kunipiga mimi. Muzee hakungoja mwezi wa tatu: ameuliza palepale nani awe nyumbakumi. Mikono yote imepanda kwa Edouard. Nimehesabu mikono, nilifikiri wengine wamenyanyua miwili. Hapana.

Godelive anaenda na kurudi na bidon wakati mimi ninavaa viatu. Anaimba. Amesema haendi tena Tchomia. Nimefurahi mpaka nimeketi chini. Halafu amesema niende kumushukuru Edouard. Mimi! Nimemwambia maji ya Edouard haitapita kwa koo yangu.

Siku ya ine, tarehe 22

Nimeshuka mwenyewe kwa chemchem. Nimeteleza mara mbili. Goti imevimba. Kwa mulima nimekutana na Edouard, ametaka kunibebea bidon. Nimekataa. Anataka kujua uzito yake, juu ya nini?

Nimeona kosa langu iko wapi: nilifunika maneno, lakini majina niliacha wazi. Leo nimepiga pétition mupya, robinet isogezwe hatua makumi ine. Safari hii kikwembe kinafunika yote, kurasa zote, mbele na nyuma. Signatures mpaka sasa: moja, yangu.

Nimemuomba Godelive aweke ya pili. Ameuliza ni juu ya nini. Sikumwambia. Yule mwanamuke anachota maji kwa Edouard kila siku.