Jumamosi Irudi Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 4 Machi

Televisheni yangu ya chogo, ile ya kizamani yenye mgongo mnene, imekufa. Kifo cha heshima. Ilitoa mlio kama wa kifuniko cha chupa, picha ikajikunja ikawa mstari, mstari ukawa nukta, nukta ikazimika. Mke wangu akafungua dirisha, maana harufu ilizidi. Mimi nilikuwa bado nimeshika padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu, na mzimamoto wangu mdogo alikuwa hewani anaruka shimo. Hatutajua kamwe kama alifika ng'ambo.

Fundi wa televisheni amekuja mchana. Kaniamkia, kaifungua, kachungulia, kaifunga. Akasema mzee wangu, hapa hata tusisumbue vipimo. Aliongea taratibu kama yuko msibani. Nilimshukuru.

Nieleze kwa nini jambo hili ni zito. Kila Jumamosi alasiri wazee wenzangu wa mtaa huja sebuleni kwangu kucheza gemu za zamani, zile walizoziacha wanangu walipohama. Tunazomeana, tunacheka, tunaibiana zamu. Tangu nistaafu kufundisha fizikia, hiyo ndiyo siku pekee watu wanapokaa kimya nikieleza jambo. Au tuseme nusu kimya.

Kufika jioni Shemeji alikuwa ameshapata habari. Shemeji ni kaka wa mke wangu, mfamasia mstaafu, mtu wa kupiga pasi hata suruali ya kulalia. Ana televisheni bapa kubwa kama mlango. Alipiga simu kunipa pole, na katika pumzi hiyo hiyo akasema basi Jumamosi tuhamie kwake. Na tukipaona pazuri, tubaki huko huko.

Pole gani hiyo!

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu kuchezea kwenye televisheni bapa ya mke wangu, ile ya taarifa ya habari. Aibu tupu. Kwanza picha imevutwa pembeni, mzimamoto amenenepa kama katoka kula harusi mbili. Pili, na hili ndilo kubwa, anachelewa. Nabonyeza kitufe, yeye anawaza kwanza. Anapokata shauri kuruka, shimo limeshammeza.

Sababu ni hii. Televisheni ya chogo haina akili, na huo ndio uzuri wake. Ndani ya kile kichogo kuna kitu kinachorusha elektroni, nazo zinapiga kioo mstari kwa mstari, toka juu hadi chini, kioo kinang'aa. Kinachoingia kwenye waya unakiona hapo hapo. Televisheni bapa inapokea picha, inaiweka kando, inaisafisha, inainyoosha, inairemba, ndipo inakuonyesha. Ni kama karani anayekwambia acha karatasi zako, pitia kesho. Najua kuna mahali pa kuzima urembo huo. Nimezima. Sasa anawaza kidogo, lakini bado anawaza. Halafu gemu hizi zilichorwa kwa ajili ya chogo. Kwenye chogo, vidoa vinachanganyika vinakuwa moshi, maji, shavu la mtu. Kwenye bapa unaona matofali.

Nilimweleza mke wangu haya yote huku anakunja shuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka shuka, akachukua padi, akavuka mashimo yote hadi kwenye jengo linaloungua. Akasema siri ni kubonyeza mapema kidogo. Nikamwambia hiyo si siri, hiyo ni kuipigia magoti mashine. Akasema, "Haya, baba. Lakini mimi nimevuka."

Akarudi kwenye shuka zake. Jioni alitoka kidogo, hakusema anakwenda wapi. Sikuuliza. Nilikuwa na majonzi.

Jumatano, 6 Machi

Nimetumwa sabuni. Nikapita kwa Fundi.

Chogo! Juu ya meza yake! Kioo kimebinuka kidogo kama tumbo la mtu aliyeshiba, vitufe vyote vipo, hata kile kimlango cha mbele ambacho huvunjika kabla ya kitu kingine chochote, kipo. Ilikuwa inaonyesha mistari ya rangi ya kujaribia. Nyekundu yake ni nyekundu kweli. Nilisimama mbele yake kama bwana harusi.

Nikamwambia Fundi aifunge, naichukua. Fundi akajikuna kichwa. Akasema hiyo ina mwenyewe, mzee. Nani? Mtu tu. Mtu gani? Mtu aliyeomba asitajwe. Inakwenda Ijumaa.

Asitajwe! Mtaa huu una mtu mmoja tu mwenye sababu ya kufichaficha, na suruali yake ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Mpango wake nimeuona wote. Anajua wazee watalichoka bapa lake siku ya kwanza. Basi awe na vyote viwili, bapa na chogo, na mimi niwe mwalikwa, nikalishwe kwenye stuli, niuelezee ukuta habari za elektroni.

Njiani fizikia ikaniokoa, kama ilivyo kawaida yake. Elektroni hupindishwa na sumaku. Ukisogeza sumaku kwenye kioo cha chogo rangi zinavurugika, nyuso zinakuwa kijani, anga linakuwa zambarau. Mnunuzi akiona hivyo anakataa. Fundi anabaki na mzigo. Anatokea mzee mmoja mwenye huruma, anamwondolea. Akifika nyumbani anaiwasha na kuizima, kwa kuwa ndani yake kuna waya unaofuta doa la sumaku kila inapowashwa. Hakuna aliyeumia. Ukiitazama vizuri, ni hisani.

Sabuni nimesahau.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefanya!

Sumaku niliitoa kwenye spika mbovu stoo, ina upana wa sahani. Nikaiweka kwenye kikapu, kabichi juu yake. Fundi alikuwa kainama anazungumza na mama mmoja mwenye pasi iliyoungua. Nikahema kama mzee aliyechoka, nikapumzisha kikapu juu ya chogo. Kona ya kioo ikawa kijani hapo hapo. Kisha zambarau ikatambaa kama chai iliyomwagika. Nzuri mno! Nikaizima haraka, nikasema moyoni, tusipoteze umeme wa watu.

Tatizo dogo lilikuwa bisibisi za Fundi. Zilitoka mezani zikajibandika ubavuni mwa kikapu. Nikazibandua moja moja, kwa utulivu. Mama wa pasi akauliza baba umebeba nini humo. Kabichi, nikasema. Akasema mbona kabichi lako linavuta vyuma. Nikamwambia mboga za majani zina madini mengi. Akaitikia kwa kichwa. Ualimu hauishi mwilini.

Kutoka hapo nikaenda kwa Shemeji kumpeleleza. Nikauliza, kama sina habari, anaonaje televisheni za chogo siku hizi. Akacheka mpaka miwani ikashuka. Akasema Shem, yale madude? Hata bure sitaki, yatanivunjia kabati. Uso mkavu! Uongo safi kabisa, hauna hata mkunjo. Nilimvulia kofia.

Viti ameshapanga. Changu kiko karibu na mlango wa choo.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nzima nimekaa karibu na simu, nangoja Fundi anililie. Simu kimya. Mchana nikasikia mkokoteni getini.

Fundi, jasho linamtiririka. Na chogo, imefunikwa shuka. Shuka yetu!

Mke wangu akatoka jikoni anacheka, mikono ina unga. Ni yeye! Aliiagiza Jumanne jioni, nilipokuwa bado na majonzi. Alisema alishindwa kuvumilia kuniona naranda nyumba nzima kama mtu aliyepoteza miwani yake. Ndiye aliyemwambia Fundi afunge mdomo. Bapa lake ameshalihamishia chumbani, maua yake ameyaondoa kwenye kabati, kabati amelipima mwenyewe kwa futi ya cherehani ili kichogo kisigonge ukuta. Akasema, "Jumamosi yako hiyo, mume wangu. Sasa uache kununa."

Nikashika ukingo wa kabati kwa mikono miwili. Walidhani ni furaha.

Fundi akaunganisha, akawasha. Anga zambarau. Mzimamoto kijani kama chura. Mke wangu akauliza taratibu kama hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Fundi akashika kiuno. Akaapa kwa mama yake kwamba juzi ilikuwa nzima. Akasema anarudi nayo sasa hivi, atatafuta nyingine, pengine mwezi ujao.

Mwezi ujao! Jumamosi zote hizo karibu na mlango wa choo! Nikaikumbatia. Nikasema ni mtikisiko wa mkokoteni. Nikasema ni jua la mchana. Nikasema dunia yenyewe ina usumaku wake, na nyumba hii imekaa vibaya. Mke wangu akanitazama. Akauliza nyumba imekaa vibaya tangu lini. Nikasema tangu ijengwe.

Alasiri yote naiwasha, naizima, nangoja ule waya upoe, naiwasha tena. Doa linapungua, taratibu. Nilitaka kumwambia mke wangu ukweli. Kweli nilitaka. Lakini kila nikifungua mdomo anapita na vitambaa vya viti, anaimba. Si adabu kumkatiza mtu anayeimba.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja wote! Kinyozi, mzee Posta na redio yake, jirani wa kona. Na Shemeji, kwa sababu dada yake alimpigia simu akamwambia aviondoe viti vyake, mchezo uko pale pale ulipokuwa siku zote.

Doa limebaki kona ya juu kushoto tu. Bahati mbaya hiyo ndiyo kona inayoonyesha mzimamoto ana roho ngapi zilizobaki. Huoni kitu, kijani tupu. Nikajua nimeumbuka.

Kumbe! Sijawahi kuona watu wakicheza vile. Hakuna aliyejua amebakiwa na nini. Kinyozi akajirusha shimoni kwa madaha, akidhani ana akiba, kumbe ndiyo ya mwisho. Akasimama akadai ameibiwa roho. Posta akasema nilikuhesabia mimi, umekufa kihalali, kaa chini. Jirani akawa anavuka kila shimo kwa sala. Shemeji akasogea karibu na kioo, akakishika kama paji la uso la mgonjwa, akasema, "Shem, anga lako lina homa. Mpe maji mengi, apumzike." Wakacheka mpaka redio ya Posta ikaanguka.

Kisha Shemeji akacheza. Akaruka shimo la kwanza, la pili, la tatu. Akapandisha miwani. Akasema bila kunitazama kwamba huku, lazima akiri, mtu anaruka unapomwambia aruke. Nilimwomba arudie, nimesikia vibaya. Akarudia! Nikaeleza habari ya elektroni tangu mwanzo. Wakasikiliza kimya. Midomo ilikuwa imejaa karanga, lakini kimya ni kimya.

Wameafikiana kwa kelele. Jumamosi ni hapa.

Mwishoni mke wangu alileta chai, akaomba padi, akatushinda wote. Hakuitazama ile kona hata mara moja.

Jumapili, 10 Machi

Fundi amekuja na duara lake la waya, akalizungusha mbele ya kioo kama anayefukiza ubani. Doa likaondoka lote. Akasema katika kazi yake doa kama lile hutokana na sumaku ya upana wa sahani. Akanitazama. Mimi nikatazama dari. Mke wangu akasema labda ni ile nyumba yetu iliyokaa vibaya. Wakacheka wote wawili, kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Watu wema sana. Hawajashuku lolote.

Nimekaa mbele ya chogo yangu na chai. Rangi safi. Mzimamoto mwekundu, anga bluu, moshi ni moshi. Ni nini tena mtu anataka? Nimejiapiza, kuanzia leo, hakuna hila. Nina mke wa dhahabu, nina wageni, nina kiti katikati.

Isipokuwa jambo moja. Kioo kikiwa safi, ubao wa washindi wa gemu unasomeka vizuri. Juu kabisa yuko mke wangu. Chini yake, mbali, niko mimi. Jumamosi ijayo watauona wote. Shemeji atausoma kwa sauti. Haiwezekani mwalimu wa fizikia ashindwe sebuleni kwake na mtu anayeamini kubonyeza mapema!

Kwa hiyo, mke wangu alipokwenda kumsalimu kaka yake, nimefungua padi zote mbili mezani. Chini ya kile kitufe cha kuruka kuna kipande cha mpira laini. Katika moja, nitakayompa yeye, nimeweka mpira mgumu kidogo, wa kifuniko cha dawa. Hataumia. Atachelewa tu, kama bapa. Nimefunga skrubu zote, nimefuta alama za vidole, nimezirudisha kabatini pamoja. Kazi safi.

Sasa nimekaa nazitazama. Zinafanana kabisa. Rangi moja, waya mmoja, hata mikwaruzo. Lakini mimi si mtu wa kubahatisha. Nimefikiri kwa mpangilio, nimeondoa yasiyowezekana, na sina shaka hata kidogo. Yangu ni ya kushoto.