Kuamsha Kiini cha Nne

Jumatatu, 27 Mei

Siku mbovu. Mwalimu Kasimiri, mkuu wa shule ya kulipia anakosoma binti yangu Raudha, kapita mbele ya duka langu hapa Mbagala bila hata kugeuza shingo. Kaenda kwa Auleria! Huyu Auleria ni fundi kompyuta, kibanda chake kinatazamana na changu. Ana cheti ukutani, kakitia kioo. Mie nina miaka kumi na tano ya bisibisi. Bisibisi haitiwi kioo.

Nikavuka barabara kuomba kiberiti. Nimesikia yote. Shule inataka kompyuta ya kukokotolea matokeo ya mitihani, prosesa yake iwe na viini vinne. Viini ndivyo vinavyofanya hesabu. Vikiwa vingi kazi inakwenda mbio. Auleria kasema itamfikia Jumamosi. Zangu za mtumba zote zina viini viwili.

Nimerudi na kiberiti. Sivuti sigara.

Jumanne, 28 Mei

Nimerudisha kiberiti, nikamuuliza Auleria mbona prosesa ya viini viwili na ya vinne ukizishika mkononi ni kama pacha. Dada huyu akianza kueleza hanyamazi. Kasema ni pacha kweli: zinatoka kiwanda kimoja, zinakatwa kwenye bamba moja, kisha zinapimwa moja moja. Hapo nikaona mteja dukani kwangu, nikakimbia. Alikuwa anauliza choo kiko wapi. Niliporudi, Auleria alikuwa anamalizia kumweleza muuza juisi: kwamba wakati mwingine hata prosesa nzima kabisa inazimwa viini viwili makusudi, kwa kuwa wanunuzi wa bei rahisi ni wengi.

Makusudi! Chai imenipalia. Miaka yote hii nauza vitu vizima kwa bei ya vilema!

Kasema pia baadhi ya kompyuta za zamani zina mpangilio wa kuviamsha viini vilivyolala. Kisha kanyanyua kidole, kasema, "Lakini braza Nassibu..." Sikuingoja lakini. Lakini za wenye vyeti nazijua.

Alhamisi, 30 Mei

Nimeamsha! Nimeingia kwenye mpangilio, nimebadilisha neno moja, nimewasha upya. Vinne! Nimemwita mke wangu Chausiku aje ashuhudie. Kasema anaiona hiyo nne, na unga umekwisha.

Mbio hadi shuleni. Shikamoo Mwalimu nimeitoa nikiwa bado getini. Nimemwambia ya Auleria ni ya kusubiri, yangu hii hapa, inapumua. Kaichukua! Kasema tangu sasa mie ndiye fundi wa shule. Nimetamani kioo.

Auleria kaniuliza kama nimeipima walau siku nzima. Nimemwambia wivu utamkondesha.

Ijumaa, 31 Mei

Matokeo yametoka. Raudha, ambaye siku zote ni wa tatu au wa nne, kawa wa arobaini na moja. Wako arobaini na wawili. Mtoto kalia hadi kwikwi. Nimempa hotuba kuhusu juhudi, nzuri sana, nikagusia utoto wangu. Chausiku kanitolea karatasi ya mtihani wa hesabu: tisini na mbili. Kauliza, "Baba Raudha, sasa huyu kafeli nini?" Nimemwambia ushindani umekuwa mkali.

Wa kwanza ni Marselino, mtoto wa Brightson muuza mbao. Marselino! Yule anayesinziaga hata akiwa amesimama. Hongera zake.

Jumapili, 2 Juni

Brightson kafanya sherehe. Kaniita nimchinjie mbuzi ili na sie Waislamu wa mtaani tule bila shaka moyoni. Nimechinja vizuri, kwa bismillahi.

Kasimama akahutubia. Kasema mwanawe huyu hajawahi kumletea ripoti kwa hiari, alikuwaga anazitupa mtaroni. Hii kaileta mwenyewe, anakimbia. Kaitia kwenye fremu. Marselino alikaa karibu naye na shati jipya, mkono wa baba begani. Hakusogea hata kujikuna, nadhani aliogopa mkono utaondoka.

Fremu ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu anasema mashallah, anasema utukufu kwa Bwana. Ikanifikia. Nafasi: wa kwanza. Jumla: mia tisa na kumi na nne kati ya mia sita.

Watu wote wale wamesoma nafasi tu!

Nimeilaza fremu kifudifudi. Kisha nimeongeza pilau, maana kupunguza kungetia shaka.

Jumatatu, 3 Juni

Mpango: niende shule na tambara, niseme nafuta vumbi, nivilaze vile viini kimyakimya.

Nimemkuta Auleria. Wazazi walilalamika, Mwalimu kamwita. Alikuwa anaiambia kompyuta ijumlishe safu ileile ya namba tena na tena, na kila safari jibu linageuka. Mara mia nne na kumi na mbili. Mara mia sita tisini na nane. Mara mia nne na kumi na mbili.

Mwalimu akauliza tatizo nini. Nimesema umeme. Halafu vumbi. Halafu joto, akaniangalia, naye kavaa sweta. Auleria kasubiri niishiwe, kisha kaeleza kile kipande nilichokikimbia Jumanne: prosesa nyingi huzimwa viini kwa sababu zimefeli kipimo kiwandani. Kinazimwa kibovu, kinabaki kizima, inauzwa rahisi, kila mtu anafaidi.

"Kiini cha nne kilikuwa mgonjwa, braza. Umemtoa wodini ukampeleka kazini."

Mwalimu kavua miwani. Kauliza, "Nassibu, ulijua?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu, mzuri wote. Lakini Raudha akapita dirishani na wenzake, kainamisha kichwa. Nikasema nimejua tangu jana, mbuzi akiwa tumboni. Ndilo neno la kweli pekee nililosema wiki hii. Halikuwa na ladha.

Jumatano, 5 Juni

Matokeo mapya. Raudha wa tatu! Kanisamehe, mama yake bado. Marselino wa thelathini na nane.

Adhabu ya Mwalimu: niende mwenyewe kwa Brightson. Nimemkuta na msumeno. Nimeeleza huku nimesimama karibu na mlango. Kadai mbuzi wake. Nimemwambia kwa heshima kwamba hilo limepita.

Marselino katokea nyuma ya mbao, hana lile shati. Kasema kwa sauti ndogo kwamba hesabu alipata sitini na moja, hiyo si ya mashine, mwalimu alisahihisha kwa mkono. Hajawahi kuvuka thelathini. Brightson kaishika ripoti mpya, kaisoma kwa muda mrefu. Kasema fremu ibaki, karatasi ndiyo ibadilishwe.

Mie kanihesabia hadi tatu niwe nimeondoka. Kwenye mbili nilikuwa barabarani.

Ijumaa, 7 Juni

Shule imenirudishia mashine yangu, imechukua ya Auleria. Nimekwenda kumwomba radhi. Kakubali, ana roho nzuri, akaanza kueleza upya tangu kwenye bamba. Safari hii nimesikiliza hadi mwisho, wala sina mteja wa kunikatiza. Nyingi zimelazwa kwa ubovu. Ila nyingine, kasema mwenyewe kwa kinywa chake, ni nzima kabisa, zimelazwa kwa ajili ya soko.

Nzima! Kumbe ile ilikuwa bahati mbaya tu! Nina tisa zaidi stoo. Kati ya tisa haikosi.

Nimeiamsha moja baada ya sala. Vinne, safi. Nimeiuliza mbili na mbili, imesema nne. Sikuuliza mara ya pili, kumhoji mtu sana ni kumvunjia heshima.

Ustaadh Badru wa msikitini kwetu anakuja kuichukua kesho. Anataka ya kukokotolea mgao wa mirathi. Marehemu kaacha wake wanne, watoto kumi na tisa, na nyumba moja.